Msiba Uliofichwa Mpaka Mbio Ziishe

Mwanaasha binti Luqman ni mtu wa kukasirika polepole. Waliomjua tangu alipofika Johannesburg, mwaka tisini na tisa, hawakumbuki kumsikia akipandisha sauti, hata pale mteja anapomrudishia sketi ya shule iliyovaliwa muhula mzima na kudai imeshonwa vibaya. Atairudia mishono, ataipiga pasi, atasema, "Haya mama, jaribu sasa," na mteja ataondoka akijiona mjinga bila kujua kwa nini. Duka lake liko kwenye barabara kuu ya Kensington, kati ya kinyozi wa Kikongo na spaza, duka dogo la Wasomali. Cherehani mbili, kioo kimoja, pazia la kubadilishia nguo. Hapo ndipo alipomlelea Yasmin, mtoto wake wa pekee, akimlaza ndani ya kikapu cha vitambaa chini ya meza ya kukatia.

Lakini Februari iliyopita, Jumamosi, mchana kweupe, Mwanaasha alipiga ukelele uliosikika ghorofa zote tatu za jengo lao la Troyeville. Alikuwa mjane wa siku tano. Wako mpaka leo wanaosema kwamba ukelele ule ulikuwa aibu kwa mwanamke aliye ndani ya eda. Wanasema wasichokijua.

Mumewe Karimu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa magurudumu. Si ya magari. Karakana yake ilikuwa Doornfontein, chini ya ghorofa la wanafunzi, na kila kitu kidogo chenye gurudumu katika upande ule wa mji kilipita mikononi mwake: matoroli ya supamaketi, vitanda vya hospitali, viti vya ofisini, viti vya walemavu. Hata akitembea na mkewe mjini alikuwa kazini. Toroli likipita linalia, atasimama. "Unasikia? Beringi imekufa hiyo, na mwenyewe hana habari."

Miaka saba iliyopita mzee mmoja wa Kinorwe aliyekaa Kensington alimletea jozi ya vijiti virefu vya alumini, kila kimoja kina gurudumu mbele na gurudumu nyuma. Karimu aliviweka mezani akavizunguka kama mtu aliyeletewa mnyama. Mzee akamweleza kwamba hizo ni skii za barabarani. Kwao, theluji ikishayeyuka, wanamichezo huzifanyia mazoezi kwenye lami. Karimu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akabadilisha beringi zote nane, na siku ya kuzirudisha akamchukua Yasmin, aliyekuwa na miaka kumi na minne na aliyeshinda kila mbio za shule, ili naye akaone kichekesho. Yasmin hakucheka. Aliomba ajaribu.

Ndiyo ikawa mwanzo. Baada ya mwaka mmoja Karimu alikuwa amemtengenezea za kwake mwenyewe, kwa magurudumu ya vitanda vya hospitali aliyoyachonga upya, na kila Jumapili asubuhi watu wa Kensington waliwaona wawili hao kwenye vilima vyao: binti mwenye hijabu chini ya helmeti, fimbo mkono huu na mkono huu, anapanda kwa kujisukuma, baba nyuma yake kwenye pikapu, taa zinawaka na kuzima, anamkinga na teksi. Wakisimama kwenye robot, taa za barabarani, madereva walishusha vioo.

"Eish, sista! Theluji umeiacha wapi?"

"Inakuja!" Karimu alijibu kutoka dirishani. "Imekwama kwenye foleni!"

Yasmin, kama watoto wengi waliozaliwa huku, alikielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Babake hakujali. Yeye alisema chake, mtoto akasema chake, na hapakuwa na jambo lililopotea katikati. Asubuhi ya kila shindano, mtoto alipoanza kusafiri kwenda kwenye theluji ya kweli, Karimu alimrekodia ujumbe wa sauti kwenye simu. Sentensi mbili tatu. Bismillahi, kunja magoti, usimtazame aliye mbele, tazama njia. Yasmin alikuwa akiusikiliza huku anafunga kamba za viatu.

Msimu huu uliopita ndio ulikuwa wa kufa na kupona. Mchezo ule una hesabu ya kinyume: mshindi hupewa sifuri, na kila anayefika nyuma yake hupewa alama kwa kadiri alivyoachwa. Ukiwa na alama nyingi ni aibu. Yasmin alitakiwa apate mbio tano ndani ya msimu mmoja, zote chini ya kiwango kilichowekwa, ndipo jina lake liandikwe kwenye mashindano makubwa ya mwaka unaofuata. Aliondoka Novemba. Mpaka mwisho wa Januari alikuwa ameshapata tatu. Zilibaki mbili tu, Jumamosi na Jumapili moja, katika mji mdogo wa Finland ambao Mwanaasha hakuweza kuutamka jina lake. Jambo moja lilimfariji: saa ya huko na saa ya Johannesburg ni moja wakati huo wa mwaka. Akisikia adhana ya adhuhuri alijua mtoto naye yuko mchana.

Karimu alifariki Jumanne ya wiki ile ile. Aliswali alfajiri, akarudi kukaa ukingoni mwa kitanda, akasema kifua kinambana. Gari la wagonjwa lilipofika alikuwa ameshaondoka. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri, kama dini inavyotaka, na Mwanaasha akavaa nguo nyeupe akaingia chumbani kukaa eda, miezi minne na siku kumi. Sebuleni walibaki wanaume waliorudi kutoka makaburini. Mlangoni mwa chumba palitundikwa pazia la maua ya samawati alilolishona mwenyewe kwa ajili ya sikukuu.

Nyuma ya pazia hilo ndiko ilikotoka sauti ya Nassir. Nassir ni mdogo wake Karimu, na ni katibu wa chama cha kuzikana cha watu wa Tanga wanaoishi upande huu wa mji. Ni mtu wa mbio, mtu wa simu mbili, na kwa sababu ya Nassir hakuna maiti wa kwetu aliyelala siku mbili bila kuzikwa. Hilo lazima lisemwe.

"Shemeji," alisema, "tumekaa na wazee. Tumeonelea mtoto asiambiwe kwanza."

Mwanaasha alitazama yale maua ya samawati.

"Yuko ugenini, shemeji. Kwenye barafu, peke yake. Akianguka huko nani atamshika? Ndege mpaka abadilishe ya pili na ya tatu. Maziko yameshapita, hata akija leo hamkuti. Amalize Jumapili yake, arudi, tumwambie ameketi kwenu, tumemzunguka. Si ndivyo tunavyofanya?"

Ndivyo tunavyofanya. Hakuna mtu wa kwetu asiyeijua desturi hiyo: msafiri hapewi habari ya kifo kwenye simu. Huambiwa mgonjwa anamuulizia, aje haraka, na njiani kila anayempokea anajua isipokuwa yeye. Nia yake ni huruma. Mwanaasha aliijua kuliko wote waliokaa sebuleni, kwa sababu alishafanyiwa.

Miaka kumi na sita iliyopita, mamake alifariki Tanga. Wazee hao hao wa chama walimwambia Karimu, na Karimu akamwambia mkewe kwamba mama amelazwa. Mwanaasha alipanda basi. Siku nne barabarani, mipaka mitatu, na mapajani amebeba mfuko: mashuka mapya aliyoyapinda usiku kucha, mafuta ya kuchulia miguu, na viatu vya wazi vyenye soli laini kwa mgonjwa. Kila kituo alimpigia Karimu, na kila kituo Karimu alisema, "Anaendelea vizuri, anakusubiri." Alipofika alikuta wanawake wamekaa kwenye majamvi, na jirani mmoja akaupokea ule mfuko kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Mama alikuwa na siku sita kaburini.

Aliporudi Johannesburg hakuzungumza na mumewe wiki mbili. Siku ya kumi na tano Karimu aliweka mkono juu ya cherehani ili mkewe aache kushona, akasema, "Haki ya Mungu, nyumba hii haitafichana msiba tena. Sitaki niione tena sura ile uliyorudi nayo." Na aliitimiza. Kila kifo kilichotokea Tanga tangu siku hiyo, alimwambia saa ile ile, hata kama yuko na mteja.

Haya yote Mwanaasha aliyajua Jumanne ile nyuma ya pazia. Alimjua mumewe na kiapo chake. Lakini alikuwa ametoka kumfumba macho. Wazee walikuwa wanangoja, na kitu alichokifanya ni kuitikia kwa kichwa, na shangazi aliyekaa naye akatoa sauti nje: "Amekubali." Hakuna aliyemlazimisha. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko yote.

Yasmin alipiga simu Jumanne hiyo hiyo jioni. Mwanaasha alisema baba amelala mapema, ana mafua. Jumatano alisema sauti imemkauka, hawezi kuzungumza.

"Mbona huwashi video, Mama?"

"Intaneti ya huku leo mbovu."

"Amekula?"

"Amekula. Amekunywa uji."

Alhamisi ilisomwa hitma katika ukumbi wa madrasa, Bertrams. Katibu alipita kwa kila mtu akionya: asitokee wa kuweka picha ya marehemu wala "Innalillahi" kwenye status, mtoto asije akaona. Watu mia na zaidi wakatii. Mji mzima ulijua isipokuwa mtu mmoja, naye ndiye aliyebaki yatima.

Wa pekee aliyemuuliza Mwanaasha neno ni Gaudiose, jirani wa mlango wa mkabala, mkimbizi wa Burundi, Mkatoliki, anayeuza mboga Bertrams. Alikuwa akija kila asubuhi na chai, anakaa sakafuni, hasemi kitu mpaka kikombe kiishe. Ijumaa alisema.

"Mama Yasmin, niulize kitu?"

"Uliza."

"Siku mtoto akijua, swali la kwanza atakuuliza wewe ni lipi?"

Mwanaasha alitazama kikombe. "Sijui."

"Unalijua," Gaudiose alisema. "Mimi pia walinificha. Kifo cha papa yangu. Mpaka leo dada yangu nikimpigia akaniambia watu wote ni wazima, ninamwambia, apa."

Jumamosi, saa saba kasoro mchana, simu ikaita. Yasmin alikuwa anapiga kelele kwa furaha, na nyuma yake upepo na watu na kengele za ng'ombe wanazozipiga watazamaji kule.

"Mama! Nimepata! Ya nne! Yaani nimewapita wasichana watatu kwenye mlima wa mwisho, hujawahi kuona! Alama zangu bora kuliko zote maishani!"

"Alhamdulillahi, mwanangu."

"Na Baba amepona! Kwa nini hukuniambia amepona?"

Mwanaasha alihisi godoro limeshuka chini yake. "Nani amekwambia?"

"Amenitumia sauti asubuhi! Ilikuwa kama yuko mbali, kama yuko bafuni vile, lakini ni yeye. Bismillahi, kunja magoti. Mama, nililia. Siku nne sijamsikia. Nimekimbia naye kichwani njia nzima. Mpe simu."

Huyu ni mwanamke aliyeosha uso wa mumewe kwa mkono wake. Alijua alipolazwa na alijua upande aliogeuziwa. Alisema, "Nitakupigia, Yasmin. Alasiri. Usiende mahali," akakata. Halafu akakaa na simu mkononi mpaka akaelewa.

Simu ya Karimu haikuwa ndani ya nyumba. Nassir aliichukua Jumanne ili awapigie watu wa maziko, na hakuirudisha.

Akamwita. Nassir alifika baada ya dakika ishirini, amechangamka, na alipofika kwenye pazia alianza na salamu ndefu na pole na sifa za mtoto. Mwanaasha alimkata.

"Simu ya Karimu iko wapi?"

"Ninayo, shemeji. Rambirambi bado zinaingia."

"Asubuhi uliitumia?"

"Nilimtia moyo mtoto."

"Kwa sauti ya nani?"

"Shemeji, sauti ni ya babake. Maneno ni ya babake, ya Novemba. Mimi sijaongeza hata moja. Ningeituma moja kwa moja ingeonyesha kuwa ni ya zamani, ndiyo nikajitumia, nikaicheza kwenye simu yangu nikairekodi upya kwa ile ya marehemu, ndani ya gari, vioo juu. Mtoto alikuwa anaulizia, shemeji! Asubuhi ya shindano anaandika, Baba mbona hujanitumia. Ningefanyaje? Na matokeo si umeyaona? Hajawahi—"

Hapo ndipo ulipotoka ukelele. Haukuwa na maneno mwanzoni. Milango ilifunguka kwenye korido, Gaudiose akaja mbio na kisu cha kukatia kabichi mkononi, na wanawake waliokuwa jikoni wakakimbilia chumbani wakidhani mjane amezimia. Walimkuta amesimama, mikono yote miwili imeshika pazia.

"Udongo haujakauka, Nassir! Udongo haujakauka, umemtoa ndugu yako kaburini umempa kibarua!"

"Shemeji, uko eda, sauti—"

"Eda ni ya nani? Eda ya mtu aliyekufa! Kwako wewe amekufa? Kama amekufa mbona anatuma ujumbe? Nitolee basi hizi nguo nyeupe, nimpikie mume wangu, amesharudi!"

"Mche Mungu, shemeji."

"Wewe ulimcha ulipopandisha vioo vya gari?"

Wanawake walimshika mabega. Aliwasukuma. Na hapa lazima haki itendeke: Nassir naye alikuwa analia. Alisema kwa sauti ya chini, kutoka upande wake wa pazia, kwamba yeye pia amefiwa, kaka yake wa pekee, na kwamba hakutafuta sifa.

"Ni kesho tu, shemeji. Mbio moja. Nimeshatafuta projekta, watoto wote wa madrasa watakaa ukumbini. Miaka ishirini na tano tunaitwa makwerekwere, wageni wasiotakiwa, kwenye mji huu. Siku moja watoto wetu waone mmoja wao kwenye skrini, na Karimu ndiye aliyemtengenezea. Hiyo nayo ni dhambi? Kaka angetaka amalize."

"Kaka yako alikula kiapo mbele ya cherehani yangu," Mwanaasha alisema. "Hukuwepo. Mimi nilikuwepo, na Jumanne nikaitikia kwa kichwa. Hilo nitaulizwa mimi. Lakini la leo utaulizwa wewe. Hao watoto kesho wataona nini? Watamwona mwenzao anakimbizwa na maiti, wao wanakula pilau na kupiga makofi."

"Subiri kesho saa sita. Saa sita tu."

"Lete simu."

"Shemeji, simu ya marehemu ni mali ya urithi, mpaka wazee wakae—"

"Mrithi wake yuko Finland. Lete."

Akapitisha mkono pembeni mwa pazia, kiganja juu. Ulikaa pale mpaka simu ikawekwa juu yake.

Aliswali alasiri. Kwenye sijda hakuomba subira. Aliomba ulimi usimgeuke. Kisha akawatoa wanawake wote chumbani, akambakisha Gaudiose, akapiga.

"Uko na nani hapo?"

"Wenzangu wako chini, tunakaribia kula. Baba yuko wapi?"

"Kaa kitandani."

"Nimekaa. Mama?"

"Babako amefariki. Jumanne, baada ya alfajiri. Tulimzika alasiri yake."

Mwanaasha alitazama kama simu imekatika.

"Jumanne gani?"

"Hii iliyopita."

"Leo ni Jumamosi."

"Ndiyo."

"Na sauti ya leo asubuhi?"

"Si yeye. Ni ya zamani. Ami yako Nassir aliicheza akairekodi upya."

"Wewe ulijua?"

"Ya sauti sikujua. Ya kifo nilijua." Mwanaasha alifumba macho. "Nilikuficha mimi, Yasmin. Usimtafute mwingine."

Mtoto alianza kupumua kwa sauti, kama mtu anayepanda mlima. Aliposema tena alisema kwa Kiswahili, kigumu, cha kuchagua neno moja moja, kama vile hakutaka mamake apate pa kujificha.

"Jumatano uliniambia amekunywa uji."

"Nilisema."

"Uji wa nini?"

"Yasmin, mwanangu—"

"Nijibu. Uji wa nini, Mama?"

Gaudiose aliinamisha kichwa.

"Wa ulezi," Mwanaasha alisema. "Ungeniuliza, ningesema wa ulezi."

Simu ikakatwa. Alipiga tena mara sita. Baadaye ulikuja ujumbe mmoja, kutoka namba ngeni, umeandikwa na msichana aliyekuwa akilala naye chumba kimoja: Yasmin yuko salama, hayuko peke yake, hataki kuongea.

Jumapili saa nne asubuhi, ukumbi wa madrasa ulijaa. Nassir hakuthubutu kuwaambia kilichotokea, alitumaini. Projekta ikawashwa, theluji ikajaa ukutani, watoto wakashangilia kila aliyeonekana kwa sababu hawakuweza kutofautisha mtu na mtu. Wasichana walitoka mmoja mmoja. Ikafika namba ya Yasmin, na lango likabaki tupu. Saa ikahesabu, ikapita, akatoka aliyefuata. Kwenye orodha, mbele ya jina lake, pakaandikwa kwamba hakuanza. Msimu mzima, tangu Novemba, ukaishia hapo na mbio nne. Pilau ililiwa vivyo hivyo.

Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wameshaanza kumjia Mwanaasha. Waliingia kwa jina la kumliwaza, wakakaa, wakasema waliyoyaleta. Miaka saba ya jasho la marehemu. Bahati ya mtoto. Jina la watu wa kwetu. Mmoja, mke wa mzee wa chama, alisema waziwazi.

"Nakuuliza kwa mapenzi, dada. Mama gani anashindwa kusubiri siku moja?"

"Aliyeshasubiri tano," Mwanaasha alisema. "Na kama unalia kwa ajili ya theluji, kalie kwako. Hapa tunamlilia Karimu."

Mke wa mzee alichukua mtandio wake. Hakuna aliyemsindikiza.

Lakini walipokwisha kuondoka, hasira ile haikuwa na mtu wa kumwendea, ikamrudia mwenyewe. Jumatatu hakula. Alijua amefanya haki na alijua amechelewa, na alimwambia Gaudiose kwamba haki iliyochelewa siku tano inanuka kama samaki. Hakujua kama mtoto atakuja. Nassir, aliyekuwa ameulizia tiketi ya mtoto, alisema anakwenda uwanja wa ndege Jumanne. Akarudi mikono mitupu. Alikuwa amemwona. Alimsalimu, na Yasmin alimpita na mfuko wake mrefu wa skii begani kama anavyopitwa mwuza laini za simu.

Saa nane, saa tisa. Mwanaasha alikaa kitandani na tasbihi asiyoihesabu. Saa tisa na nusu ukasikika mfuko mzito unaburuzwa kwenye ngazi, ghorofa ya kwanza, ya pili. Wanawake waliokuwa sebuleni wakasimama, na mmoja akaanza kilio cha kumpokea mfiwa.

"Nyamazeni," sauti ya Yasmin ilisema. "Tafadhali. Nendeni."

Wakaenda. Pazia likasogea. Alikuwa amekonda mashavu, midomo imepasuka kwa baridi, na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo. Mwanaasha aliutazama udongo ule akajua alikotoka, na kwamba alikwenda kwa babake kabla ya kuja kwake, na kwamba yeye mwenyewe alistahili hilo.

Alinyoosha mikono. Yasmin hakuja. Alikaa sakafuni mlangoni, mgongo ukutani, magoti kifuani, akamtazama mamake kama anavyotazamwa mtu anayeuza kitu.

"Nimekukasirikia," alisema. "Sijui itaisha lini. Usiniombe iishe."

"Sikuombi."

"Mbio sijali. Watu wote wanadhani ni mbio." Alifuta pua kwa mkono wa koti. "Walimzika na mimi nilikuwa napaka nta skii. Nilikuwa nasikiliza muziki. Ninyi wote mna Jumanne. Mimi sina."

Mwanaasha alishuka kitandani, akakaa chini naye, si karibu, hatua mbili.

"Nataka unipe," Yasmin alisema. "Kuanzia alfajiri. Alivyoamka, alivaa nini, alisema nini. Nani alimwosha. Nani alishuka kaburini. Yote. Na usiruke, Mama. Ukiruka hata kidogo kunihurumia, nitajua, na nitainuka niondoke."

"Sitaruka."

"Haya."

"Aliamka kabla yangu," Mwanaasha alisema. "Maji yalikuwa ya baridi, gesi ilikuwa imekwisha na mimi ndiye niliyesahau kumwambia. Alinilalamikia. Nikamjibu vibaya." Alimtazama mwanawe kuona kama aendelee. Yasmin aliitikia kwa kichwa, na mamake akaendelea.